Umakini Wetu na Yale Tusiyoyaona

(Maneno yaliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za miradi za sharika, mbele ya wawakilishi wa washirika wetu wa ng'ambo. Tunayachapisha hapa karibu yote kwa ajili ya sharika ambazo hazikuweza kutuma wajumbe.)



Tunawashukuru kwa kuacha shughuli zenu za shamba na za nyumbani ili kuja kukaa pamoja siku hizi mbili. Ratiba inaonyesha kwamba kipindi hiki ni cha "Ufuatiliaji na Tathmini". Wengi wenu mlipoiona mada hiyo mlidhani tutaleta tena fomu, na kweli fomu zipo, zitagawanywa baada ya chai. Lakini kabla ya fomu tunaomba tuzungumze juu ya jicho la anayeijaza. Jicho hilo lina tabia moja ambayo kila mwenye kusimamia mradi anapaswa kuifahamu: linapoangalia jambo moja kwa bidii sana, laweza kutoliona jambo jingine lililo mbele yake kabisa.

Jaribio la mpira

Mwaka 1999 watafiti wawili wa saikolojia waliofanya kazi yao katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, Daniel Simons na Christopher Chabris, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo tangu hapo limezunguka dunia nzima. Walirekodi filamu fupi, isiyofika hata dakika moja na nusu. Ndani yake kuna vikundi viwili vya vijana, watatu wamevaa fulana nyeupe na watatu wamevaa fulana nyeusi. Kila kikundi kina mpira wake wa kikapu, na wote wanazunguka huku wakipasiana. Mtazamaji anapewa kazi moja tu, nayo ni kuhesabu pasi za kikundi kimoja, tuseme cha weupe, bila kukosea.

Katikati ya filamu anaingia mtu aliyevaa vazi la gorila. Anapita katikati ya wachezaji na kutokea upande wa pili. Katika filamu mojawapo alisimama kabisa, akageukia kamera, akajipiga kifua, kisha akaondoka, na kwa jumla alionekana kwa sekunde tisa hivi. Filamu ikiisha, mtazamaji anaulizwa idadi ya pasi. Kisha anaulizwa kama ameona kitu chochote kisicho cha kawaida.

Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona gorila. Hawakusema kwamba waliona kitu ila hawakuwa na hakika. Walisema hapakuwa na kitu. Wengine waliporudishiwa filamu walikataa kuamini kwamba ndiyo ile ile waliyoiangalia.

Watafiti wa mambo haya wana jina la hali hiyo. Kwa Kiswahili tunaweza kuiita upofu wa kutozingatia. Jina hilo lilienezwa na kitabu cha Arien Mack na Irvin Rock cha mwaka 1998, na majaribio ya aina hii yalikwisha kuanza miaka ya 1970 kwa kazi za Ulric Neisser. Kwa hiyo si jambo la bahati wala la mzaha. Limerudiwa mara nyingi, kwa watu wa rika mbalimbali.

Tunaomba mwangalie mambo mawili katika jaribio hilo, maana yanatuhusu. La kwanza, macho ya wale wasioona hayakuwa yamegeukia pembeni. Mwaka 2006 mtafiti wa Ujerumani, Daniel Memmert, alitumia kifaa cha kufuatilia mwendo wa macho. Akakuta kwamba wale ambao hawakumwona gorila walikuwa wamemtazama kwa muda unaolingana na wa wale waliomwona. Jicho lilifika pale pale, lakini akili ilikuwa imeshikwa na kazi nyingine. La pili, waliopewa kazi ya kuhesabu pasi za weusi walimwona gorila mara nyingi zaidi kuliko waliohesabu pasi za weupe. Sababu ni kwamba gorila ni mweusi. Aliyekuwa anatafuta weusi alikuwa ameacha mlango wazi kwa kitu cheusi, na aliyekuwa anatafuta weupe alikuwa amefunga mlango kwa kila kitu cheusi, pamoja na huyo gorila. Yaani kazi tunayompa mtu ndiyo inayoamua mapema nini atakiona na nini kitampita.

Si ujinga, wala si uzembe

Mtu anaweza kusema kwamba hao walikuwa wanafunzi tu, na kwamba mtaalamu hawezi kupitwa hivyo. Mwaka 2013 Trafton Drew, Melissa Võ na Jeremy Wolfe walichapisha jaribio walilolifanya kwa madaktari wa kusoma picha za mionzi. Madaktari 24 walipewa picha za mapafu ili watafute vivimbe vidogo vinavyoweza kuwa dalili ya saratani. Katika seti ya mwisho watafiti walipachika picha ya gorila, kubwa mara 48 kuliko kivimbe cha kawaida. Madaktari 20 kati ya 24 hawakumwona. Hawa ni watu waliosomea kuona. Walikuwa wanafanya kazi yao kwa uaminifu, nao walikuwa wanatafuta vivimbe.

Tutoe mfano mmoja ambao haukuwa jaribio. Usiku wa tarehe 29 Desemba 1972 ndege ya shirika la Eastern, safari namba 401, ilikuwa inakaribia kutua Miami ikitoka New York. Taa ndogo inayoonyesha kwamba gurudumu la mbele limeteremka haikuwaka. Marubani wakaiweka ndege katika hali ya kujiendesha yenyewe, wakaanza kushughulikia taa ile. Walikuwa watu wenye uzoefu mkubwa, na wote wakainamia jambo lile moja. Bila wao kutambua, ndege ikaacha kushikilia kimo chake, ikaanza kushuka polepole. Hata king'ora cha kuonya kwamba kimo kimebadilika kililia ndani ya chumba chao na hakuna aliyekishughulikia. Ndege ikaanguka katika vinamasi vya Everglades, na zaidi ya watu 100 kati ya 176 waliokuwamo walipoteza maisha. Uchunguzi ulionyesha kwamba gurudumu lilikuwa limeteremka vizuri. Kilichokuwa kimeharibika ni balbu za taa ile.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, na kwa kweli akili ya mwanadamu haiwezi kushika yote. Umakini ni kama tochi usiku, inamulika njia vizuri na pembeni inaacha giza. Hatuwezi kumlaumu mtu kwa kuwa na tochi. Tunaweza tu kuuliza nani anamulika pembeni.

Wanafunzi wa theolojia waliokuwa na haraka

Kwa kuwa tumo ndani ya kanisa, hatuwezi kuacha jaribio la Princeton. Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson walichapisha utafiti uliowahusu wanafunzi 40 wa seminari ya theolojia ya Princeton, nchini Marekani. Kila mwanafunzi aliambiwa aende jengo la pili akatoe hotuba fupi. Nusu yao walipewa mada ya Msamaria Mwema, na nusu nyingine mada ya kazi watakazofanya baada ya masomo. Baadhi waliambiwa wamechelewa, wengine wana muda wa kutosha tu, na wengine wana nafasi tele. Njiani, katika kichochoro, watafiti walikuwa wamemweka mtu aliyejikunyata mlangoni, akikohoa na kuugua.

Kwa jumla asilimia 40 walisimama kumsaidia kwa namna fulani. Miongoni mwa waliokuwa na nafasi ni asilimia 63, na miongoni mwa waliokuwa na haraka ni asilimia 10. Kwenda kuhubiri juu ya Msamaria Mwema hakukuleta tofauti iliyo wazi. Wapo wanafunzi waliokuwa wanaenda kuzungumzia mfano ule ule, nao wakampita yule mtu.

Watafiti wenyewe hawakusema kwamba wale vijana walikuwa na mioyo migumu. Walisema kwamba baadhi yao, kwa haraka waliyokuwa nayo, huenda hawakumtambua kabisa yule mtu kuwa ni mwenye shida. Wengine walifika wakiwa na wasiwasi, dalili kwamba walimwona, ila walibanwa kati ya yule mgonjwa na yule aliyekuwa anawasubiri.

Ndugu wajumbe, kila mwisho wa robo mwaka sisi sote tunakuwa kama wale vijana. Taarifa inasubiriwa, gari la dayosisi lina vituo sita vya kufika siku hiyo, na giza linaingia. Katika hali hiyo mtu hukamilisha fomu yake, na kichochoro hukipita.

Visima vya Bangladesh

Mpaka hapa tumezungumzia jicho la mtu mmoja kwa sekunde chache. Mradi si mtu mmoja, na haudumu sekunde. Lakini taasisi nayo ina umakini wake, umeandikwa katika malengo na viashiria, na huo nao huacha giza pembeni. Mfano mkubwa tunaoujua katika kazi ya maji umetoka Bangladesh.

Katika miaka ya 1970 watoto wengi wa nchi ile walikuwa wanakufa kwa kuhara. Watu walikunywa maji ya madimbwi na mito yenye vijidudu. Serikali ya nchi hiyo, ikisaidiwa na UNICEF na mashirika mengine, ikaanza kuchimba visima vifupi vya bomba vyenye pampu ya mkono. Ilikuwa kazi nzuri, ya gharama nafuu, na watu waliipenda kiasi kwamba baadaye familia zenyewe zilichimba visima kwa fedha zao. Vikafika mamilioni. Maji yalikuwa maangavu na hayakuwa na vijidudu. Kila kiashiria kilichokuwa kimewekwa kilionyesha mafanikio.

Ardhini mle mlikuwa na aseniki, sumu isiyo na rangi, ladha wala harufu. Haikupimwa, kwa sababu wakati ule kupima aseniki hakukuwa sehemu ya taratibu za kawaida za kuchunguza maji ya visima. Watu walipima walichokuwa wanakiogopa, yaani vijidudu. Sumu hiyo haiui kwa siku moja. Baada ya miaka ya kunywa, ngozi hutoka madoa, viganja na nyayo huwa vigumu na kuota vinundu, na baadaye huja saratani.

Aliyeona kwanza hakuwa mhandisi wa maji. Mwaka 1983 daktari wa ngozi wa Kalkuta, upande wa India, K. C. Saha, alianza kupokea wagonjwa wenye madoa ya aina hiyo. Akauliza wanakunywa nini, na baadhi ya wagonjwa waliomfikia walikuwa wametokea Bangladesh. Ndani ya Bangladesh yenyewe aseniki katika visima ilithibitishwa mwaka 1993. Mwaka 2000 makala iliyochapishwa katika jarida la Shirika la Afya Duniani ilikadiria kwamba kati ya watu milioni 35 na milioni 77 walikuwa katika hatari, katika nchi iliyokuwa na watu milioni 125. Waandishi wake waliliita tukio hilo kuwa ndilo kubwa kuliko yote ya watu kupata sumu kwa wingi katika historia.

Baadaye visima takriban milioni 5 vilipimwa. Vilivyo salama pampu zake zilipakwa rangi ya kijani, na vyenye sumu rangi nyekundu. Ni hatua rahisi, kopo la rangi na brashi, na familia nyingi zilihamia pampu ya kijani ya jirani. Lakini ilikuja baada ya takriban miaka 30 ya kunywa.

Hatusemi haya ili tuwacheke waliochimba visima vile. Visima vile viliwaepusha watoto na maji ya madimbwi, na hilo lazima lisemwe. Tunayasema kwa sababu walikuwa watu kama sisi, wenye nia njema, mpango kazi mzuri na wafadhili waaminifu.

Hapa kwetu: meno na magadi

Sasa tuje nyumbani. Sisi hatuna habari ya aseniki ya kiasi kile, lakini tuna floraidi. Madini hayo hutoka katika miamba ya volkano, nayo ni mengi katika maji ya ukanda wa Bonde la Ufa, tangu Ethiopia, kupita Kenya, hadi kwetu. Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida ni miongoni mwa mikoa inayojulikana kwa tatizo hilo. Floraidi kidogo hulinda meno. Ikizidi, meno ya mtoto huota yakiwa na madoa ya kahawia na mashimo, na ikizidi sana kwa miaka mingi huathiri mifupa, hata watu wakapinda miguu na mgongo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Nchi yetu kwa miaka mingi ililazimika kuruhusu kiwango cha juu zaidi ya hicho vijijini, kwa sababu sehemu nyingine maji mengine hayapatikani.

Floraidi nayo haina rangi, harufu wala ladha. Kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua sufuriani floraidi inabaki, na kila lita iliyosalia inakuwa na nyingi zaidi. Kwa hiyo mama aliyefundishwa vizuri katika semina zetu kuchemsha maji amelinda watoto wake na kuhara, lakini jambo hili la pili halijaguswa.

Fikirini fomu yetu ya ufuatiliaji wa kisima. Inauliza idadi ya kaya, umbali wa kutembea, idadi ya ndoo kwa siku, makusanyo ya fedha za matengenezo, wanawake wangapi wamo katika kamati, na kama uzio upo. Yote ni maswali ya maana. Mtu anaweza kuyajibu yote kikamilifu, akiwa amesimama kwenye kisima kilichozungukwa na watoto wanaocheka, na asiyaone meno yao. Au akayaona na kusema ndivyo watu wa huku walivyo. Sote tumesikia msemo huo, "huyu ni wa Arusha, tazama meno yake." Jambo likizoeleka kiasi hicho halihesabiwi kuwa habari.

Tena kuna somo la ndani zaidi. Katika miaka ya 1990 watafiti wa meno waliofanya kazi hapa nchini walikuta watoto wenye meno yaliyoathirika hata katika vijiji ambavyo maji yake yalikuwa na floraidi kidogo. Mtu aliyeshikilia maji peke yake angesema vipimo vimekosewa. Chanzo kimojawapo kilichoonekana ni magadi, yale tunayoyatia katika maharage na makande ili yaive haraka. Magadi mengine yana floraidi nyingi sana. Maana yake ni kwamba hata mradi wa maji uliojifunza kupima floraidi unaweza kupitwa tena, safari hii na chungu kilichoko jikoni. Na nani anajua kilichomo katika chungu? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anajua mama anayepika. Mwenyekiti wa kamati hakijui, na sisi tunaokuja na gari hatukijui.

Kwa nini tunayasema haya sasa

Mwaka huu kamati zenu zitapitisha mipango ya awamu mpya ya maji. Kisima kizuri kinatumika miaka 20 au zaidi. Meno ya ukubwani ya mtoto hujengeka ndani ya ufizi tangu uchanga hadi anapofikia miaka minane hivi, na yakishaota na madoa hakuna dawa ya kunywa ya kuyarudisha. Kwa hiyo mtoto atakayezaliwa mwaka ambao pampu inafunguliwa hatangoja tathmini ya mwisho wa mradi. Tukikosa kuona mwanzoni, yeye ndiye atakayebeba kosa hilo kinywani maisha yake yote.

Tusije tukadhani kwamba kwa kuwa tumesikia habari ya gorila basi tumepona. Mwaka 2010 Daniel Simons alitoa filamu nyingine ya namna ile ile na kuwaonyesha pia watu waliokuwa wanaijua ya kwanza. Hao walimtazamia gorila, na wote wakamwona. Lakini pazia la nyuma lilibadilika rangi, na mchezaji mmoja akatoka uwanjani. Wengi wao hawakuyaona hayo mawili. Nasi tukitoka hapa tukiwa tumeikariri floraidi peke yake, tutakuwa tumebadilisha tu kitu tunachokihesabu. Semina haitoshi. Inabidi kupanga kazi yenyewe kwa namna ambayo mtu mwingine anaachiwa nafasi ya kuona.

Mapendekezo kwa kamati

Kwanza, kila kikundi cha ukaguzi kiwe na mtu mmoja asiye na fomu. Wawili au watatu wahesabu, naye asihesabu chochote. Atembee, akae na watu, asikilize. Ikiwezekana asiwe wa idara ya maji wala wa kijiji hicho, awe mjumbe wa usharika jirani. Wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na macho ya mgeni hayajazoea.

Pili, kabla ya kuchagua mahali pa kuchimba, kamati izungumze na watu wanne ambao kwa kawaida hawamo ndani yake: mwalimu wa darasa la kwanza, muuguzi wa zahanati, mama anayepika kila siku, na mtu mwenye ulemavu. Wasiulizwe maswali ya fomu. Waulizwe swali moja: "Kuna jambo gani hapa ambalo sisi hatujaliuliza?" Mwalimu huona meno ya watoto 60 kila asubuhi. Mwenye ulemavu anajua kama ngazi ya kisima inapandika.

Tatu, maji yapimwe floraidi kabla ya kisima kukabidhiwa, na majibu yabandikwe hadharani kwa lugha ambayo kila mtu ataielewa. Nasi tunapenda habari ile ya rangi ya kijani na nyekundu. Palipo na floraidi nyingi kuna njia. Maji ya mvua ya paa la bati hayana tatizo hilo, na yanaweza kutengwa kwa ajili ya kunywa na kupikia watoto wadogo. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimefanya kazi kwa miaka mingi juu ya kuondoa floraidi kwa kutumia mkaa wa mifupa, nacho kinastahili kuulizwa ushauri. Na akina mama wa vikundi vyetu wazungumze wenyewe juu ya magadi, bila kukemewa.

Nne, ukurasa wa kwanza wa taarifa ya robo mwaka, kabla ya majedwali, uwe na nafasi yenye kichwa "Tuliyoyaona bila kuyatafuta". Nafasi hiyo isiachwe tupu. Hata mistari mitatu inatosha.

Neno kwa washirika wetu

Wageni wetu wapendwa, tunawashukuru kwa uaminifu wenu wa miaka mingi. Tunajua kwamba mnatakiwa kutoa hesabu kwa waliotoa sadaka, tena wengine wao ni wastaafu wenye kipato kidogo. Kwa hiyo hatuombi kuacha kuhesabu. Fedha ya watu lazima ihesabiwe, na visima lazima vihesabiwe. Yule aliyehesabu pasi za mpira hakukosea kwa kuhesabu.

Tunaomba mambo mawili. Mtakaposoma taarifa zetu, mwanze na ukurasa ule wa yasiyotafutwa, na mtuandikie mkituuliza juu yake. Mkiuliza juu ya majedwali tu, mwaka wa pili kamati zitaandika majedwali tu. Watu hutazama pale anapotazama mwenye kuuliza. Na ombi la pili, sehemu ndogo ya bajeti iachwe bila kupangiwa kazi mapema, ili jambo lisilotarajiwa likionekana katikati ya mwaka liweze kupimwa bila kungoja awamu inayofuata. Kamati ikileta habari mbaya mapema, isipoteze kitu kwa kuileta. Hilo mkilisema waziwazi hapa leo, wajumbe watalisikia kwa masikio yao, na litafanya kazi kubwa kuliko barua zetu kumi.

Kwa wajumbe wote tunaomba mapendekezo haya yajadiliwe katika vikao vya sharika kabla ya mkutano wa bajeti, na maamuzi yaletwe kwa maandishi, pamoja na yale mtakayoyakataa na sababu zake. Sharika ambazo tayari zina visima na hazijawahi kupima floraidi ziandikishe majina kwetu kabla ya kuondoka kesho, ili sampuli zikusanywe kwa safari moja na gharama zipungue. Chupa za sampuli tunazo, ziko mezani pale nyuma, karibu na mlango.